Kudai Fidia si Kukosa Subira



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza haliwahusu wengi wetu, nalo ni haki ya msafiri ambaye ndege yake imechelewa. Tunajua kwamba baadhi yenu mtatabasamu na kusema: "Padre, sisi tunaokwenda Tunduma kwa basi na shambani kwa baiskeli, ndege inatuhusu nini?" Tunawaomba mtuvumilie kidogo. Lililotokea uwanjani ndilo linalotokea stendi, sokoni na ofisini. Na mwishoni tutakiri kwamba linatokea hata hapa parokiani.

Miaka michache iliyopita tulimsindikiza katekista mmoja mstaafu kwenda Dar es Salaam, ambako alikuwa na miadi ya kumwona daktari bingwa. Wakati huo, kama ilivyokuwa kwa miaka mingi, mtu wa Ufipa aliyetaka kupanda ndege kubwa ya abiria alilazimika kwanza kuteremka kutoka uwanda wetu wa juu, kupita Laela, kufika Tunduma, kisha Vwawa na Mlowo, hadi Uwanja wa Ndege wa Songwe, ule uliofunguliwa mwaka 2012 kuchukua nafasi ya kiwanja cha zamani kilichokuwa ndani ya mji wa Mbeya. Ni safari ya kilomita zipatazo 300 kabla hujaiona ndege. Mzee wetu alikuwa na maumivu makali ya mgongo, asingeweza kukaa ndani ya basi mchana kutwa na usiku kucha mpaka Dar es Salaam. Basi watoto wake wakauza mahindi, wakachangishana, wakamkatia tiketi. Tulisafiri kwa gari siku moja kabla, tukalala njiani, na alfajiri tulikuwa uwanjani.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mzito. Hapo hatuna neno. Ukungu ni wa Mungu, na rubani anayekataa kutua asipoiona njia anatenda yampasayo. Lakini ilipofika saa nne ukungu ulikuwa umekwisha, jua limewaka, na ndege ya kampuni nyingine ilitua, ikapakia, ikaondoka. Ya kwetu haikuonekana. Tulipouliza, tuliambiwa: "Subirini, mtatangaziwa." Saa sita jibu likawa hilo hilo. Saa nane likawa hilo hilo. Mzee alikuwa amemaliza viazi vyake alivyofungiwa na mkewe, na maji aliogopa kununua kwa bei ya pale. Karibu nasi alikaa mama mmoja aliyekuwa akienda kumzika kaka yake; kila baada ya dakika chache alipokea simu, akajibu kwa sauti ya chini, "Bado."

Ndipo kijana mmoja alipoinuka, akaenda kaunta, akauliza kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika: ndege iko wapi, imekwama kwa sababu gani, na wazee waliopo watapatiwa nini cha kula? Mhudumu alikasirika, akamwita msumbufu. Abiria wote wakageuka, na kwa kuwa tulikuwa tumevaa kola ya upadri, macho yakatuangukia sisi. Tukafanya lile tulilodhani ni wajibu wa mchungaji. Tukamwambia: "Mwanangu, subira yavuta heri. Tusiwasumbue hawa, nao wako kazini."

Kijana alitutazama, akajibu bila hasira: "Padre, mimi naweza kusubiri hata mpaka kesho. Huyo mzee wako hawezi. Nilikuwa namwulizia yeye." Kisha akaketi. Na tangu saa ile hakuna aliyeuliza tena neno lolote, kwa maana padri alikuwa amekwisha kusema.

Jioni tulitangaziwa kwamba safari itakuwa kesho yake. Hatukupewa chakula wala mahali pa kulala. Kila mmoja alijitafutia. Mama yule alifika msibani kaka yake akiwa amekwisha kuzikwa. Mzee wetu alifika Dar es Salaam miadi yake ikiwa imepita, akapangiwa tarehe nyingine baada ya majuma matano, nayo maumivu hayakumsubiri.

Ndugu zangu, tangu siku ile tumejiuliza mara nyingi: je, tulihubiri subira, au tuliwasaidia wenye nguvu kuwanyamazisha wanyonge? Kwa jibu tulilolipata, leo tunaona haya kidogo kuliandika, lakini tunaliandika.

Subira ni fadhila kubwa. Lakini subira ni kama sadaka, na sadaka hutolewa na mwenye mali. Mtu anaweza kuutoa muda wake, akasamehe njaa yake na hasara yake. Hayo ni yake, na Mungu atamlipa. Hana ruhusa ya kuutoa muda wa mwingine. Siku ile tulijifanya wakarimu kwa mali isiyo yetu. Tuliigawa njaa ya mzee na machozi ya mama yule kana kwamba ni senti za mfukoni mwetu, na methali nzuri ya wahenga tukaigeuza kuwa kifuniko.

Jina la mji wetu Sumbawanga hufasiriwa na wengi kuwa ni "tupa uchawi". Basi na tuutupe pia uchawi huu mwingine wa kuyaita mambo yote bahati mbaya. Ndege ikichelewa, tunasema ni mkosi. Basi likiharibika, ni siku mbaya. Fedha ya mahindi isipolipwa, ndivyo Mungu alivyopanga. Tunamsingizia Mungu mambo ambayo yana sababu, na sababu hizo zina wenyewe. Mara nyingine sababu ni ukungu, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Mara nyingine ni chombo kisichotengenezwa kwa wakati, au ratiba iliyopangwa kubwa kuliko idadi ya ndege zilizopo. Kutofautisha hayo mawili ndio mwanzo wa haki, nasi hatuwezi kuyatofautisha pasipo kuuliza.

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa juu ya haki ile inayohusu mapatano kati ya mtu na mtu: aliyepokea bei anadaiwa kitu, na aliyeharibu anadaiwa marejesho. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaligusa jambo hilo katika namba 2411 na 2412. Naye Mtakatifu Thomas wa Akwino, anapoeleza wajibu wa kurejesha, anafundisha kwamba kukizuia kitu cha mtu kunafanana na kukitwaa, na kwa hiyo marejesho yasicheleweshwe pale yanapowezekana. Tazameni basi: tiketi ni mapatano. Abiria ametoa fedha yake mapema, na kampuni imeahidi siku na saa. Abiria akichelewa dakika chache tu, mlango unafungwa na tiketi yake inaweza kupotea. Saa ikiwa nzito namna hiyo kwa upande mmoja, yawezekanaje isiwe na uzito wowote kwa upande wa pili?

Wengine husema kwamba mfuasi wa Kristo hadai. Lakini Mtume Paulo alidai. Kule Filipi alipigwa hadharani pamoja na Sila bila kuhukumiwa, na kesho yake wakubwa wa mji wakatuma watu wamwachie kimyakimya. Paulo alikataa kutoka kwa siri. Alitaka wao wenyewe waje wamtoe, nao wakaja, wakawasihi (Mdo 16:35-39). Hakutafuta fedha wala kisasi. Alitaka kosa liitwe kosa, na tunaamini aliwafikiria pia wale waamini wapya aliokuwa akiwaacha nyuma katika mji ule, ambao baada yake wangeweza kuguswa vivyo hivyo. Na mjane wa Injili hakusifiwa kwa kunyamaza, bali kwa kurudi tena na tena kwa hakimu (Lk 18:1-8).

Sasa tuseme machache juu ya sheria zenyewe, kwa kuwa tumegundua kwamba wengi wetu tunakosa haki zetu kwa kutojua tu kwamba zipo.

Kwa safari za kimataifa upo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Mkataba huo unasema kwamba kampuni ya ndege inawajibika kwa hasara iliyosababishwa na ucheleweshaji, isipokuwa ikithibitisha kwamba ilichukua hatua zote zilizostahili kuizuia hasara hiyo, au kwamba hatua hizo hazikuwezekana. Angalieni: mzigo wa kuthibitisha hilo uko kwa kampuni. Abiria naye anapaswa kuonyesha hasara yake halisi. Kuna ukomo: tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo wa fidia ya ucheleweshaji kwa abiria mmoja ni vizio 6,303 vya kipimo cha fedha kinachotumiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani zaidi ya dola 8,000 za Marekani. Huo ni ukomo wa juu, wala si zawadi anayopewa kila aliyechelewa. Aliyepoteza shilingi elfu hamsini anadai elfu hamsini. Kwa mizigo, begi lililoharibika lilalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 baada ya kulipokea, na lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Shauri lenyewe lifunguliwe mahakamani ndani ya miaka 2, la sivyo haki hiyo inakufa.

Wenye ndugu Ulaya, na mapadri na masista wetu wanaosoma Roma, wajue jambo jingine. Umoja wa Ulaya ulitunga mwaka 2004 kanuni namba 261, iliyoanza kutumika Februari 2005. Kanuni hiyo inamlinda abiria anayeondoka katika uwanja wa nchi za Umoja huo kwa ndege ya kampuni yoyote, na pia anayekwenda huko kwa ndege ya kampuni ya huko. Ilipanga fidia ya euro 250, 400 au 600 kwa kadiri ya urefu wa safari, na mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba anayefika amechelewa kwa saa 3 au zaidi naye anastahili fidia kama yule ambaye safari yake imefutwa. Kampuni huepuka fidia ikionyesha kwamba chanzo kilikuwa jambo lisilo la kawaida, kama hali mbaya ya hewa, lakini hata hapo haiepuki wajibu wa kuwapa abiria chakula, na malazi ikiwa watalala njiani. Basi sista anayetoka Roma kuja Dar es Salaam analindwa na kanuni hiyo hata akipanda ndege ya kampuni ya Afrika au ya Uarabuni. Akitoka Dar es Salaam kwenda Roma kwa kampuni hizo, hailindi safari yake ile, na atautegemea Mkataba wa Montreal. Wapo pia mawakala wanaojitolea kumdaia mtu kupitia intaneti. Hukata sehemu ya fedha inayopatikana, ilhali mtu anaweza kuiandikia kampuni mwenyewe bila malipo.

Kwa safari za ndani ya nchi, hatua ya kwanza ni kampuni yenyewe na masharti yaliyo katika tiketi. Usiporidhika, ipo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na pembeni yake Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lililoundwa kwa ajili ya kumsemea abiria. Na ninyi mnaosafiri kwa basi msidhani mmesahauliwa. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, maarufu kama LATRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2019, nayo pia inalo baraza la kuwasemea abiria. Vyombo hivi vinatunzwa kwa fedha itokanayo na huduma tunazozilipia. Tusipovitumia, tunakuwa kama mtu aliyejenga ghala kisha akaacha mahindi yake yanyeshewe nje.

Turudi kwa mzee wetu. Aliporudi kutoka Dar es Salaam, dhamiri ilitusumbua, tukamwendea na karatasi na kalamu. Tukamwambia: "Mwalimu, tuwaandikie wale wenye ndege." Alikataa. Alisema hajawahi kumshtaki mtu maishani mwake, na hataki kuanza uzeeni. Tulimweleza kwamba kuomba maelezo na kurudishiwa gharama si kumshtaki mtu, akafikiri, kisha akakubali kwa sharti moja: tumsomee barua yote kabla hajaweka sahihi.

Tulipofika mahali tulipoandika kwamba alilala nyumba ya wageni usiku mbili, alitusimamisha. "Padre, huku kwa ucheleweshaji wao nililala usiku mmoja. Ule wa kwanza tulilala kwa kupanga kwetu wenyewe. Futa." Tulifuta. Hapo mwanafunzi alikuwa padri na mwalimu alikuwa katekista wa kijijini. Anayedai haki na aanze kwa kuitenda. Anayeongeza usiku ambao hakulala, anayebuni mkoba uliopotea, anayeomba risiti ya uongo kwa mwenye hoteli, huyo hadai fidia. Anaiba kwa kalamu, na kesho mwenye madai ya kweli hataaminiwa kwa sababu yake.

Jibu lilichukua miezi kadhaa, na katikati tuliandika mara mbili zaidi. Hatimaye kampuni ilimrudishia gharama ya malazi na chakula, si zaidi ya hapo. Majuma yale matano hakuna aliyeyalipa. Lakini pamoja na fedha ilikuja barua ya kuomba radhi, ikieleza kwamba ndege iliyopangwa ilipata hitilafu asubuhi ile, na kwamba taarifa ilikuwapo mapema kuwa haitaruka siku hiyo. Mzee alituomba tumsomee sentensi hiyo mara ya pili. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Kumbe walijua tangu asubuhi."

Neno hilo, wapendwa, ndilo lililotufanya tuandike tafakari hii. Hasara ya fedha mzee aliisamehe pale pale. Kilichomuumiza ni kwamba watu walijua, wakamwacha akae kwenye kiti cha chuma kutwa nzima akitazama angani. Kama angeambiwa ukweli saa nne, tungeweza kuwapigia watu wa Dar es Salaam tukaomba miadi isogezwe, au tukamlaza apumzike. Na mama yule angewaambia ndugu zake wamngoje au wasimngoje. Ukweli haukugharimu mafuta wala vipuri, lakini haukutolewa, kwa sababu hakuna aliyeudai. Na aliyeudai, sisi tulimkalisha.

Tunajua kuna hoja za upande wa pili, nazo tuzisikie kwa haki. Wengine wanasema kwamba usafiri wa anga katika mikoa ya pembezoni ni mgumu, ndege ni chache, na tukidai fidia kwa kila saa kampuni zitapandisha nauli au zitatukimbia. Hoja hii ina uzito, hasa kwetu watu wa Rukwa ambao tumesubiri usafiri mzuri kwa muda mrefu. Kabla ya barabara ya lami kutoka Tunduma, wengi wenu mnakumbuka masika yalivyokuwa. Kwa sababu hiyo hatusemi kila ucheleweshaji ulipiwe kama Ulaya. Tunasema yapo mambo ambayo kampuni ndogo kuliko zote inayaweza: kusema ukweli mapema, kumpa mzee maji na chakula, kumlaza aliyekwama, na kumrudishia nauli yule ambaye safari haina maana tena kwake. Kampuni isiyoweza hata hayo inaficha gharama zake, na anayezilipa kwa siri ni abiria. Gharama haikupungua kwa kunyamaza kwetu. Ilihama tu, ikatoka kwa mwenye ndege ikaenda kwa wale watoto waliouza mahindi.

Wengine wanahofu kwamba madai yatamsukuma rubani aruke wakati usiofaa. Hapa tunakubaliana nao kabisa. Mtume Paulo, katika safari ile ya kwenda Roma, alishauri wasiendelee na safari kwa kuwa majira yalikuwa mabaya. Jemadari akamsikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu, na merikebu ikavunjika (Mdo 27). Nasi Watanzania hatujasahau tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka katika Ziwa Viktoria ikikaribia kutua Bukoba wakati wa hali mbaya ya hewa, na watu 19 wakapoteza maisha. Abiria asimshurutishe kamwe mtu wa usalama. Saa ya ukungu ndiyo saa ya subira ya kweli, na anayemtukana rubani kwa kukataa kuruka anadai haki ya kufa na kuwaua wenzake. Ndiyo maana sheria zenyewe zinatofautisha hali ya hewa na uzembe.

Basi kwa ufupi tuwaachie mashauri machache. Tunza tiketi, kadi ya kupandia ndege, kipande cha namba ya mzigo na kila risiti. Andika saa uliyoambiwa na saa uliyoondoka, na jibu ulilopewa. Uliza sababu kwa adabu. Anayesimama kaunta mara nyingi hana mamlaka, naye ni mtoto wa mtu. Iandikie kwanza kampuni, uweke nakala, kisha ndipo uende kwa mamlaka. Usiongeze chumvi. Na unapouliza, muulizie pia yule asiyeweza kuuliza: mzee, mgonjwa, mama mwenye mtoto mgongoni, asiyejua kusoma ubao wa matangazo.

Sasa tutimize ahadi yetu ya kukiri. Ni rahisi kuwanyoshea kidole wenye ndege. Je, sisi? Misa yetu ya kwanza hutangazwa kuanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mara nyingi huanza karibu na saa moja na robo. Waamini wanaotoka mbali kwa miguu, waliotoka kwao kukiwa giza na baridi yetu ya Ufipa, hukaa kwenye mabenchi wakitungoja, na hatujawahi kuwaeleza kwa nini. Tunafahamu wachumba waliosogeza siku ya ndoa kwa sababu cheti cha ubatizo kilikawia katika ofisi ya parokia. Hawakudai kitu, maana sisi ni mapadri. Na huko nyumbani kwenu, wangapi mna kibarua aliyepalilia shamba tangu Januari, na mpaka leo mnamwambia asubiri mavuno? Kitabu cha Walawi hakikuruhusu ujira wa mtu ulale kwa mwajiri hata usiku mmoja (Law 19:13). Anayemdai mwenye ndege saa sita huku yeye akimnyima kibarua miezi sita, mdomo wake unashuhudia dhidi yake mwenyewe.

Kwa hiyo tunaanza na nyumba yetu. Kuanzia Dominika ijayo Misa ya kwanza itaanza saa kumi na mbili na nusu kamili. Tukichelewa, mmoja wetu atasimama mbele awaambie sababu ya kweli. Vyeti vinavyoombwa ofisini vitapewa tarehe ya kuchukuliwa, na ikipita, mwamini aje kwetu moja kwa moja bila kuogopa. Tunawaomba mtudai. Parafujo isiyokazwa hulegea, na padri asiyeulizwa naye hulegea.

Kijana yule wa Songwe hatulijui jina lake wala hatujui aliko. Kama anaisoma tafakari hii, tunamwomba radhi. Alikuwa anafanya kazi yetu, nasi tukamkalisha. Siku nyingine, tukijaliwa kukutana naye mahali pa kungojea, tunaomba Mungu atupe ujasiri wa kuinuka na kusimama naye kaunta.

Tunawatakia Dominika njema na juma lenye baraka. Mungu awalinde wote walio safarini.